Nasaba ya Mama Ndani ya Seli

Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kakonko, Kibondo na Kasulu, Waha huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Majina ya akina mama wa zamani husahaulika upesi. Hata hivyo, kumbukumbu yao haikupotea. Imo mwilini mwa kila mtu.

Karibu kila seli ina vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo kazi yake ni kugeuza chakula kuwa nguvu. Vijumba hivyo vina DNA yake vyenyewe, mbali na ile ya kiini cha seli. DNA ya kiini hutoka kwa wazazi wote wawili na huchanganyika katika kila kizazi. Ile ya mitokondria, yenye herufi zipatazo 16,569, hutoka kwa mama. Mwana wa kiume huipokea, lakini haipitishi kwa watoto wake. Kwa kuwa haichanganyiki, hubadilika tu pale kosa dogo la kunakili linapotokea, na kosa hilo hurithiwa na uzao wa mabinti. Kadiri tofauti baina ya watu wawili zinavyozidi, ndivyo bibi yao mmoja alivyoishi zamani zaidi.

Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walionyesha kwa njia hii kwamba nasaba za akina mama wote duniani zina shina moja, nalo liko Afrika. Mwaka 2023 ilichapishwa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya Waswahili ya kati ya miaka 1250 na 1800. Asili yao ya Kiafrika ilitoka hasa kwa akina mama. Ile ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi.

Lakini elimu hii ina mipaka yake. Katika kizazi cha kumi nyuma, kila mtu huweza kuwa na wahenga 1,024. Mitokondria humtaja mmoja tu. Kwa hiyo haiwezi kuamua nani ni Muha na nani ni Mrundi, watu ambao lugha zao ni ndugu. Nasaba hizo zilikuwapo kabla ya mpaka kuchorwa. Kabila na uraia ni mambo ya malezi, lugha na sheria. Hayasomwi katika tone la damu.