Ndege inayoficha rafadha puani ili ielee kama tai

NJIA mbili zilimshinda fisi, walinena wahenga. Methali hiyo inawahusu sana wahandisi wanaobuni ndege ya watu wawili inayotakiwa kufanya kazi mbili zinazokinzana: kusafiri masafa marefu kwa nguvu za injini, na kuelea angani kwa saa kadhaa injini hiyo ikiwa imezimwa.

Ndege ya aina hii huitwa glaida ya injini. Glaida ya kawaida haina injini kabisa. Huvutwa kwa kamba na ndege nyingine, au na mashine iliyo ardhini, hadi ifike juu. Kisha rubani huiachilia kamba na kutafuta hewa yenye joto inayopanda, jinsi tai anavyofanya anapozunguka bila kupiga mabawa.

Uhuru huo una gharama yake. Hewa inayopanda ikikosekana, rubani hulazimika kutua popote panapofaa, hata katika shamba la mtu, kisha angoje wenzake waje na trela kuibeba ndege yake. Injini humwepusha na adha hiyo. Aidha, humwezesha kupaa bila kumtegemea mtu mwingine.

Hata hivyo, injini huja na mzigo wake. Kwanza ni uzani. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, ni rafadha, yaani mapanga yanayozunguka na kuivuta ndege. Injini inapozimwa, mapanga hayo husimama mbele ya ndege na kuikinza hewa, hivyo ndege hushuka upesi.

Wataalamu hupima uwezo wa kuelea kwa kulinganisha umbali ambao ndege husonga mbele na kimo inachopoteza. Ndege ndogo ya kawaida kama Cessna 172, injini ikizimika, husonga takriban kilomita 9 kwa kila kilomita moja inayoshuka. Glaida nzuri hupita kilomita 40.

Wabunifu wamelitatua tatizo la rafadha kwa njia mbalimbali. Egon Scheibe wa Ujerumani alichagua urahisi. Ndege yake, SF 25 Falke, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1963, ina rafadha ya kawaida puani na viti viwili vilivyo sambamba. Ni nyepesi, haina makuu, na zaidi ya 1,000 zimeundwa. Lakini huelea takriban kilomita 24 tu kwa kila kilomita moja ya kimo.

Ndege nyingine, kama Grob G 109 iliyoanza kuruka mwaka wa 1980, huyageuza mapanga yaelekeze kingo zake nyembamba kwenye upepo. Hilo hupunguza ukinzani, ingawa haliuondoi.

Kundi la tatu huweka rafadha juu ya mlingoti unaochomoza mgongoni mwa ndege wakati wa kupaa, kisha hurudishwa ndani na milango kufungwa. Mwili wa ndege hubaki laini kabisa. Hatari ni kwamba mlingoti ukitoka na injini ikakataa kuwaka, hugeuka kuwa breki wakati ambapo rubani anauhitaji mno umbali.

Mwanafizikia wa Ujerumani, Reiner Stemme, aliyeanzisha kampuni yake mwaka wa 1984, alifuata njia tofauti. Katika ndege yake, Stemme S10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1986, injini imewekwa nyuma ya viti, karibu na kitovu cha uzani, ambapo haivurugi mizani ya ndege.

Nguvu za injini hiyo husafirishwa hadi mbele kwa mtaimbo mrefu wa nyuzi za kaboni unaopita katikati ya wasafiri wawili. Puani mna rafadha yenye mapanga mawili yanayojikunja. Rubani anapotaka kuwasha injini, ncha ya pua husogea mbele na kuacha mwanya. Mtaimbo ukianza kuzunguka, kani ya mzunguko huyarusha mapanga nje. Injini ikizimwa, mapanga hujikunja, pua hufungwa, na ndege hubaki kama haijawahi kuwa na injini.

Matokeo yake ni kwamba S10 huelea takriban kilomita 50 kwa kila kilomita moja ya kimo. Ikiwa mita 3,000 juu ya ardhi na hewa imetulia, inaweza kufika umbali wa kilomita 150 bila kuchoma tone la petroli. Cessna ingeishia kilomita 27.

Mafanikio hayo yalidai mabawa marefu ya mita 23, ambayo hayaingii katika mabanda mengi ya ndege. Kwa sababu hiyo, sehemu za nje hukunjwa, na upana kupungua hadi takriban mita 11.4. Magurudumu nayo huingizwa tumboni ili yasiikinze hewa.

Viti pia vilihitaji uamuzi. Kumweka abiria nyuma ya rubani kungeufanya mwili wa ndege uwe mwembamba na wenye kasi zaidi. Lakini safari ya saa nyingi ina raha zaidi watu wakikaa bega kwa bega, wakisoma ramani moja. Stemme alikubali kupoteza kidogo ili apate faida hiyo.

Uwezo wa ndege hiyo ulidhihirika Januari 2014, rubani Mjerumani Klaus Ohlmann alipoirusha S10 katika eneo la Mlima Everest, ikiwa na kamera ya shirika la anga la Ujerumani, DLR, kwa ajili ya kutengeneza ramani.

Lakini kila kilichoongezwa kina gharama. Pua inayosogea, mapanga yanayojikunja, mtaimbo na mabawa yenye maungio ni vitu vinavyohitaji ukaguzi wa mara kwa mara, na huipandisha bei ya ndege. Ndiyo maana vilabu vingi vinavyofunza wanagenzi hupendelea Falke na zinazofanana nayo.

Isitoshe, hakuna ubunifu unaoweza kuhakikisha kwamba injini iliyopoa angani itawaka tena. Kwa hivyo walimu wa urubani husisitiza kanuni moja kwa glaida zote za injini: chagua kwanza mahali pa kutua, kisha jaribu kuwasha ukiwa bado na kimo cha kutosha. Injini ikikubali, safari huendelea. Ikikataa, mabawa yale marefu yatamfikisha rubani salama mahali alipokwisha kupachagua.