Kufasiri Virai vya Wakati vya Kiingereza: Siku Iliyotajwa Imo au Haimo?

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria, fomu na matangazo imezidi kuwa nzito. Wafasiri wengi huhofia zaidi istilahi ngumu za kitaalamu. Ni dhahiri kwamba istilahi hizo zina taabu yake, lakini neno gumu humfanya mfasiri asimame na kuuliza. Maneno yanayompita bila yeye kutambua ni yale madogo: 'at', 'on', 'in', 'by', 'until', 'within'. Katika sarufi maneno haya ni vihusishi, nayo pamoja na nomino yanayoitangulia huunda virai vihusishi. Makala hii inakusudia kueleza jinsi virai hivyo vinavyotaja wakati, na namna ya kuvifasiri bila kumpotosha msomaji.

1. Pale Kiswahili kisipohitaji kihusishi

Kiingereza hutumia 'at' mbele ya saa, 'on' mbele ya siku au tarehe, na 'in' mbele ya kipindi kirefu zaidi kama mwezi, mwaka au karne. Mpangilio huo ni wa Kiingereza peke yake, wala hapana sababu ya kuuhamishia katika Kiswahili. Tunasema: 'Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961'. Tunasema pia: 'Mkutano utafanyika Jumatatu, saa 3 asubuhi'. Sentensi hizi zimekamilika, kwani jina la siku, tarehe au saa lenyewe hufanya kazi ya kielezi. Anayeandika 'katika Jumatatu' ameongeza neno lisilo na kazi. Anayeandika 'kwenye saa 3' ameongeza neno lenye madhara, maana wasomaji wengi wataelewa kuwa saa hiyo ni ya kukadiria.

Kwa upande wa miaka, tunaweza kusema 'Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967' au 'mnamo mwaka 1967'. Neno 'katika' hufaa zaidi pale tendo linapoenea au kurudiwa ndani ya kipindi, kama vile: 'Katika mwaka huo mvua zilikatika mara mbili'.

Jambo kubwa zaidi kuhusu 'at' ni saa yenyewe. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa, hali ya Kiingereza huhesabiwa tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Mfano mzuri umo katika mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliufasiri na kuuchapisha mwaka 1963. Ndani ya mchezo huo waliokula njama wanaagana kufika kwa Kaizari, nao wanataja saa ya nane. Warumi wa kale walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama tufanyavyo sisi. Lakini Shakespeare alifuata saa ya Waingereza, na ziara ile ni ya asubuhi. Mfasiri akiandika 'saa nane' bila kufikiri, atawapeleka wageni wale alasiri. Saa iliyokusudiwa ni saa mbili asubuhi.

Usiku nao una mashaka yake. Kwa wengi wetu, hasa pwani, 'usiku wa Ijumaa' ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Katika Kiingereza, usiku unaotajwa kwa 'on' pamoja na Ijumaa ni ule unaofuata mchana huo. Hivyo tuandike 'Ijumaa usiku' kwa usiku unaofuata, na 'usiku wa kuamkia Ijumaa' kwa ule unaotangulia.

2. 'By' na 'until'

Vihusishi hivi viwili hufasiriwa mara nyingi kwa neno moja, 'hadi' au 'mpaka', ingawa kazi zake ni mbali mbali. 'Until' huambatana na tendo au hali inayoendelea: ofisi imefungwa, maombi yanapokelewa. 'By' huambatana na tendo linalotimia mara moja, na huweka ukingo ambao tendo hilo lisiuvuke.

Tuanze na 'until'. Tangazo likisema, 'Ofisi imefungwa hadi Jumatatu', je, mwananchi aje Jumatatu au Jumanne? Lakini likisema, 'Maombi yatapokelewa hadi Jumatatu', hakuna atakayetilia shaka kuwa Jumatatu imo. Neno ni lile lile. Kinachobadilika ni kitenzi. Katika tangazo la kwanza ni afadhali kuandika: 'Ofisi imefungwa, itafunguliwa Jumatatu'.

Kwa 'by', wafasiri wengine hutumia 'kabla ya'. Fomu inayotakiwa 'by' tarehe 30 Juni inaweza kupokelewa siku hiyo hiyo ya tarehe 30. Anayeandika 'kabla ya tarehe 30 Juni' amemnyang'anya mwombaji siku moja. Tuandike: 'Fomu ziwe zimefika ofisini si baada ya tarehe 30 Juni'. Neno 'ifikapo' ni zuri kwa mipango ya miaka mingi, lakini linahitaji uangalifu: lengo la kutimizwa 'ifikapo mwaka 2050' huweza kueleweka kuwa litimie mwaka huo unapoanza. Kama mwisho wa mwaka ndio uliokusudiwa, basi tuseme 'kabla ya kwisha mwaka 2050'.

3. 'In', 'within', 'from' na 'after'

'In' pamoja na idadi ya siku ina maana mbili. Cheti kitakachokuwa tayari 'in' wiki mbili kitapatikana baada ya wiki mbili. Fundi aliyemaliza kazi 'in' wiki mbili ameimaliza kwa muda wa wiki mbili. 'Within' haina maana ya kwanza hata kidogo; maana yake ni kwamba muda huo usipite.

Hapa ndipo kosa la mfasiri linapoweza kumgharimu mtu haki yake. Tuseme mkulima wa pamba wa Kabasa, Bunda, ameshindwa kesi katika Mahakama ya Mwanzo tarehe 3 Juni. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inampa siku 30 baada ya tarehe ya uamuzi kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya. Akiandikiwa kwamba rufaa ikatwe 'baada ya siku 30', atakaa kungoja muda upite. Na ukishapita, amechelewa. Akiandikiwa 'katika siku 30 kuanzia tarehe 3 Juni', ataihesabu tarehe 3 kuwa siku ya kwanza, kwa sababu 'kuanzia leo' kwa Mswahili ni pamoja na leo. Hesabu yake itaishia tarehe 2 Julai.

Lakini Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu cha 60, imeweka kanuni: kipindi kinachohesabiwa 'from' au 'after' siku fulani hakihusishi siku hiyo, kinachoendelea 'until' siku fulani huihusisha. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mkulima wetu ni tarehe 4 Juni, na ya mwisho ni tarehe 3 Julai. Neno 'kuanzia' limempunguzia siku moja ambayo sheria imempa.

4. Mapendekezo

Tunapendekeza kwamba mfasiri, kabla hajaandika kirai cha wakati, ajiulize maswali matatu: Tendo linaendelea au linatimia mara moja? Hesabu inaanza siku gani? Siku iliyotajwa imo au haimo? Akishapata majibu, ayaandike majibu hayo, asiandike kihusishi. Kwa matangazo na fomu tunashauri maneno yafuatayo:

(a) 'si baada ya tarehe fulani', pale siku yenyewe imo;
(b) 'kabla ya tarehe fulani', pale siku yenyewe haimo;
(c) 'katika muda usiozidi siku kadha, siku ya kwanza ikiwa ni ile inayofuata tarehe ya uamuzi';
(d) 'tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, siku zote mbili zikiwamo'.

Walimu nao wanaweza kutumia matangazo yaliyobandikwa katika ofisi za kata kuwa mazoezi darasani, wanafunzi wahesabu siku na kueleza kwa nini hesabu zao zimetofautiana. Maneno tunayopendekeza ni marefu kuliko yale ya Kiingereza, na karatasi itaongezeka kidogo. Lakini pale inapowezekana kuandika tarehe yenyewe ya mwisho, iandikwe. Mwananchi hapaswi kubahatisha siku ambayo haki yake inakwisha.