Ulinganishaji wa Magurudumu: Neno Moja, Vipimo Vitatu

Katika karakana za Chunya na Mbeya neno litumikalo ni alaimenti. Linaeleweka, lakini mfasiri wa kitabu cha ufundi hawezi kutosheka nalo, kwa kuwa limebeba vipimo vitatu.

Tuchukue pikapu iliyoinuliwa ili ipite njia za machimbo ya dhahabu. Springi za mbele zikirefushwa, mikono ishikayo magurudumu hubadili pembe, na vipimo vyote huhama.

Cha kwanza tunakiita mlalo: gari likitazamwa kwa mbele, gurudumu limelalia ndani au nje. Mlalo ukizidi, tairi huliwa upande mmoja. Cha pili ni mwegamo: kwa ubavuni, mhimili ambao gurudumu hugeukia umeegemea nyuma. Mwegamo ukipungua, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari huyumba, jambo la hatari kwa ateremkaye Kawetere kuelekea Mbeya. Cha tatu ni mwelekeo: kwa juu, ncha za mbele za magurudumu mawili hukaribiana au huachana. Mwelekeo ukikosewa, tairi husagika upesi.

Mwelekeo hurekebishwa mwisho, kwani kuvigusa vile viwili huubadili. Mwongozo usemao "rekebisha alaimenti" tu waweza kumfanya fundi anyooshe mwelekeo na kuuacha mwegamo.

Hivyo twapendekeza ulinganishaji wa magurudumu liwe jina la kazi nzima, na mlalo, mwegamo na mwelekeo yawe majina ya vipimo. Alaimenti na libaki karakanani.