Mbegu za Mfadhili: Mambo Yanayoongeza Uwezekano wa Mimba

Neno "tasa" katika Kiswahili hutumiwa hasa kwa mwanamke, kana kwamba chanzo cha kukosa mtoto ni tumbo lake pekee. Sayansi inaikanusha dhana hii, kwani wapo wanaume ambao manii yao hayana mbegu hata moja. Kwa wanandoa kama hao, mojawapo ya njia za kupata mimba ni upandikizaji wa mbegu za mfadhili. Makala haya yanafafanua mambo yanayoifanikisha tiba hiyo.

Jambo la kwanza ni umri wa mwanamke. Utafiti wa vituo vya CECOS nchini Ufaransa, uliochapishwa mwaka wa 1982, uliwahusisha wanawake 2,193 ambao waume wao hawakuwa na mbegu. Baada ya mizunguko 12, kiwango cha kufaulu kilikadiriwa kuwa asilimia 74 kwa wenye miaka 26 hadi 30, asilimia 61 kwa wenye miaka 31 hadi 35, na asilimia 54 kwa waliozidi miaka 35. Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri, na kwa hakika kukosa mimba katika mzunguko wa kwanza si kushindwa. Hata hivyo, kuhusu umri, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Pili ni wakati. Mbegu za mfadhili hugandishwa katika nitrojeni kioevu ili mfadhili apimwe tena virusi vya UKIMWI kabla hazijatumiwa. Zikishayeyushwa, huishi muda mfupi kuliko mbegu mbichi, nalo yai lililopevuka hudumu takribani saa 12 hadi 24 tu. Kwa hiyo, mkojo hupimwa ili kutambua kupanda kwa homoni inayotangulia kuachiliwa kwa yai, na mbegu hupandikizwa yapata siku moja baadaye.

Tatu ni maandalizi. Mirija ya uzazi huchunguzwa mapema, maana ikiziba yote miwili mbegu haziwezi kulifikia yai. Mbegu nazo husafishwa, kisha huingizwa moja kwa moja ndani ya mji wa mimba. Dawa za kuchochea mayai huweza kusaidia, ila huongeza uwezekano wa mapacha.

Yamkini hatua ya awali kuliko zote ni mume kukubali kupimwa. Pasipo hilo, mke ataendelea kubebeshwa lawama isiyo yake, na miaka yake ya uzazi itapita bure.