Hesabu iliyoshinda « nyoka » wa Luanshya

Baba anarudi kutoka poste ya usiku, anavua buti ku mulango. Mutoto wake wa humanités iko ku meza na kaye mbili: moja ya mathématiques, moja ya biologie. Anauliza: « Papa, hii masomo mbili inakutana wapi? » Baba anacheka: « Unauliza mutu wa shimo? »

Lakini mutu wa shimo njo anafaa kuulizwa. Juu jibu moja kubwa ya ile swali ilionekana ku mugodi, tena karibu na sisi: kule Luanshya, ukipita Kasumbalesa, mu Copperbelt ya Zambia.

Kambi ya kukimbia

Mwisho wa myaka ya 1920, kampuni Roan Antelope ilikuwa inajenga mugodi wa shaba pale. Wafanyakazi walikuwa wanakufa, wengine wanatoroka. Habari ikatembea mu vijiji: mu muto wa Luanshya kuko nyoka mukubwa, yeye njo anamaliza watu. Nani angebisha? Mutu anafika na nguvu zake, kisha wiki chache anaanza kutetemeka, wanamubeba.

Malaria ilikuwa kati ya magonjwa yaliyoua sana pale. Kuanzia 1929, kampuni ikaita watu wa Ross Institute ya London, pamoja na daktari Malcolm Watson, aliyekuwa amepiganisha malaria kule Malaya. DDT ilikuwa haiyafika. Walitumika na majembe: walinyoosha kingo za muto, wakakausha mabwawa, wakakata majani, wakamwanga mafuta juu ya maji yaliyosimama, wakaweka waya ya wavu ku madirisha, wakagawa kinini. Mu myaka 3 mpaka 5, ugonjwa na vifo vya malaria vilishuka kwa 70 mpaka 95 ku kila 100.

Tuseme kweli: kampuni haikufanya vile juu ya mapendo. Ilikuwa inapoteza mikono ya kazi. Lakini watu walipona.

Si lazima kuua mbu wote

Sasa, namna gani jembe lilishinda? Mbu wa Luanshya hawakuisha. Jibu iko mu hesabu ya mutu ambaye ile Institute ilibeba jina lake, Ronald Ross.

Ross alikuwa daktari wa jeshi mu India. Mu 1897 aliona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu, na mu 1902 akapewa prix Nobel. Wakubwa wengi walimuambia: « Ni bure, hauwezi kumaliza mbu wote. » Ross, aliyejifundisha hesabu yeye mwenyewe, akaandika équations na kuzitoa mu kitabu chake cha 1911. Zilionyesha hii: si lazima kumaliza mbu. Ukiwapunguza mpaka chini ya kiasi fulani, malaria inajizima.

Angalia. Wagonjwa 10 wakiambukiza watu 20, na wale 20 wakiambukiza 40, ni moto. Lakini kama wagonjwa 10 wanaambukiza 8 tu, wale 8 wataambukiza kama 6, wale 6 kama 5. Moto unakosa kuni. Kati ya ile hali mbili tofauti si muujiza. Ni hesabu.

Siku kumi za mbu

Mu myaka ya 1950, George Macdonald, mukubwa wa Ross Institute, aliendelesha ile hesabu. Alianzia ku biologie: mbu akinyonya damu ya mugonjwa, hawezi kuambukiza palepale. Kijidudu kinahitaji kama siku 10 au zaidi kuiva ndani yake. Mbu akikufa mbele ya pale, ameenda na malaria yake.

Chukua kalamu. Mbu 100 wamenyonya mugonjwa. Kama kila siku 90 ku 100 wanabaki wazima, fanya mara 0,9 mara kumi: siku ya 10 wanabaki kama 35. Sasa kama kila siku ni 70 ku 100 wanabaki, fanya mara 0,7 mara kumi: wanabaki kama 3. Umepunguza kidogo kila siku, lakini mwisho umepunguza zaidi ya mara kumi.

Njo maana moustiquaire yenye dawa haichungi ule analala ndani peke yake. Mbu anayeigusa anaweza kukufa mbele siku zake kumi zitimie, na jirani naye anachungwa. Nyumba mingi za avenue moja zikilala ndani ya moustiquaire, hesabu inageuka. Nyumba moja ikiuza yake, au ikiigeuza wavu wa samaki, inaharibia hata wengine.

Kwetu je?

Congo yetu ni ya pili duniani kwa malaria, nyuma ya Nigeria. Na sisi watu wa migodi tunachimba. Mbu wa malaria anapenda maji madogo yaliyosimama ku jua: shimo lililoachwa, alama za magurudumu ya kamyo, udongo uliotolewa matofali. Mvua ikinyesha, kila shimo ni nyumba ya uzazi.

Wazazi wengi wanaambia mutoto: « Ukipenda kuwa daktari, achana na hesabu. » Luanshya inasema vingine. Daktari asiyejua kuhesabu angeona mbu wengi, akakata tamaa.

Basi, mama na baba, mujaribu devoir hii pamoja na watoto siku ya mungo: baada ya mvua, zungukeni avenue yenu, muhesabu mashimo yenye maji, muandike mu kaye. Yale mutaweza, mujaze udongo. Wiki ifuatayo, muhesabu tena.