Siku ya Kasubi: wamama wa Mapendo mbele ya kaburi la Mwanga

Wamama wapendwa, habari za Namugongo mmekwisha kuzisikia: umati wa watu, miguu iliyovimba, chupa za maji tulizowaletea. Leo nawaambia juu ya siku iliyofuata, tarehe 4 Juni, ambayo ilituletea ubishi mkubwa ndani ya basi.

Mpango ulikuwa kutembea Kampala mbele ya kurudi Goma. Mahali pa kwanza palikuwa Kasubi, kilima walipozikwa wafalme wanne wa Buganda. Kijana aliyetuongoza akataja majina yao: Mutesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa, Mutesa wa Pili. Mama mmoja akamkatiza: « Mwanga gani? Yule wa jana? »

Ndiyo, yule yule. Ni Mwanga aliyeamuru Karoli Lwanga na wenzake wachomwe moto pale Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Kati yao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14, umri wa wanafunzi wangu wakubwa. Jana tumewalilia watoto hao, leo twende kumsalimia aliyewaua? Wengine wakasema basi lipite tu, twende sokoni.

Kati yetu kulikuwa mama mzee ambaye vita vilimnyang'anya mtoto wake wa kiume. Safari nzima alisema kidogo sana. Akafunga kikwembe chake, akasema: « Kaburi haliumi mtu. Mimi nashuka. » Tukashuka nyuma yake. Wamama watatu wakabaki na rozari zao, na hakuna aliyewasema.

Kasubi mwanamke anaingia na nguo ndefu, basi wenye sketi fupi wakaazima vikwembe. Mbele yetu ilisimama nyumba kubwa ya mviringo, na paa lake la nyasi linashuka karibu kugusa udongo. Inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Mutesa wa Kwanza alijenga makao yake pale mwaka 1882, na alipokufa mwaka 1884 akazikwa humo. Ndani ya paa kuna pete 52, kwa hesabu ya koo za Buganda, na kazi ya kuezeka ni ya ukoo mmoja, Ngeye. Nyumba hiyo iliungua tarehe 16 Machi 2010. Wazee na vijana wakaisimamisha tena, hata mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Sisi ambao lava ilituunguzia mji na kanisa kuu mwaka 2002, tunajua kazi ya kuanza upya.

Tukakaa uani, na kijana akaendelea. Mwanga alipotawala mwaka 1884, hata miaka 20 hakuwa nayo. Aliogopa Wazungu, aliogopa wakubwa wa baraza la baba yake, aliogopa vijana wa nyumba yake waliokuwa na Bwana mwingine wa kumtii. Baadaye Waingereza walimshinda, wakampeleka mbali, kisiwani Seychelles. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli. Alikufa huko mwaka 1903, na mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa Kasubi, karibu na baba yake.

Mama mzee akauliza swali moja tu: « Na mama yake alikuwa nani? » Kijana akamtajia jina. Akalirudia polepole, kama mtu anayetaka kulishika kwa sala.

Sikuwa nimefikiri kwamba Mwanga naye alikuwa na mama. Hapa kwetu tumeona vijana wa umri ule wenye silaha mkononi, na tumezika watoto waliouawa nao. Kutaja mama wa muuaji si kufuta damu ya Kizito. Waganda hawakuificha: Namugongo iko, na Kasubi iko. Tangu nirudi, darasani ninafundisha habari zote mbili. Wanafunzi wananiuliza maswali magumu, na ninawaacha waulize.

Tuliporudi ndani ya basi, wale watatu wakataka kujua tumeona nini. Mama mzee akawasimulia yeye mwenyewe, mpaka giza likaingia.

Wenye kutaka kwenda mwaka ujao, anzeni kuweka akiba kidogo kidogo sasa. Na kila mama achukue vikwembe viwili, kimoja cha kumwazima mwenzake.