Kura ya ine, ile tunasahau

Tarehe 20 Desemba 2023 mupiga kura wa Lubumbashi alikuwa na kura ine mbele ya mashini: ya raisi, ya depite wa taifa, ya depite wa provensi, na ya mushauri wa komini. Ile ya ine ilifanyika ku miji mikubwa ya maprovensi tu. Tuulizane kweli: ni wangapi kati yetu wanakumbuka jina la mushauri waliyemuchagua? Mimi ninaona sisi tuliosoma tunaeleza siasa ya Kinshasa vizuri sana, lakini ya komini yetu, hapana.

Lubumbashi iko na komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Kufuatana na sheria ya 7 Oktoba 2008, kila komini inapashwa kuwa na baraza. Raia anachagua washauri. Wale washauri njo wanachagua burgumestre na musaidizi wake. Ni wao tena wanachagua washauri wa muji, na washauri wa muji njo wanachagua meya. Kumbe raia hana fasi ingine ya kugusa kiti cha meya. Njia yote inaanzia ku ile kura ya ine. Kama ile njia haifuatwe, meya na burgumestre wanatajwa kutoka juu, na mutu anaogopa yule aliyemutaja, si wewe wa ku avenue.

Na kazi ya baraza si ndogo. Njo linapitisha bajeti ya komini: soko, kanivo, takataka, barabara za mitaa. Sheria inasema ku feza za taifa zenye provensi inapata, 40% ni ya miji, komini, sekteri na sheferi. Kama hakuna mutu wa kuuliza ile feza iko wapi, kanivo inaziba, na mvua ya Januari inaingia ndani ya nyumba.

Kwetu kura hii iko na historia. Mu 1957 Wabelgiji waliruhusu Waafrika kuchagua mabaraza ya komini mu Léopoldville, Jadotville na Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Hapa kwetu, maburgumestre wengi Waafrika waliotoka mu ile kura hawakuwa wenye asili ya Katanga. Mwaka uliofuata CONAKAT ikazaliwa, na maneno ya “huyu mwenyeji, huyu mugeni” yakapata nguvu mu siasa. Hata leo hayajaisha. Mutu asiyejua kazi ya mushauri atamupima na nini? Na kabila yake tu.

Kwa hiyo, mbele ya kura ingine, tafuta mushauri wa komini yako na umuulize maneno matatu: bajeti ya mwaka huu ni ngapi? Ile sehemu ya 40% iliingia? Kanivo gani itatengenezwa mbele ya mvua? Akijibu, utajua kazi yake. Akikosa jibu, utajua vilevile.